Haiba 8 asema kama dalali, Haiba 18 salamu yamshinda: tuhesabu karatasi au ulimi?

#1 KopoLaKahawa
Waungwana, habari za leo. Nina kesi mezani kwangu, nataka mnihukumie kabla ya Jumamosi.

Tunacheza D&D, toleo la tano, watu watano, sebuleni kwangu Tudor. Kwa asiyeujua, ni mchezo wa kuigiza: kila mtu ana mhusika wake, sifa za mhusika ni namba kwenye karatasi, na jambo la shaka huamuliwa kwa dadu. Mwendeshaji ni mimi. Mmoja ni dalali wa magari, ndiyo kazi yake ya mchana. Akikupa mkono, ukishaachiwa waangalia saa yako kama bado iko. Mhusika wake ni mtu wa shoka: Nguvu 17, Uthabiti 16, Haiba kaitupa jaani, 8. Mwengine ni kijana mpole, hasemi sana, ana kigugumizi. Yeye katengeneza mwimbaji, nusu-elfu (nusu mtu, nusu "elf" wa hekaya), Haiba 18. Kwa karatasi, huyo ndiye msemaji wa kundi.

Wiki nzima walijua kinachofuata ni lango la mji. Jumamosi wamefika, usiku, limefungwa. Mlinzi ni mimi. Nikawaelezea: mzee, ana mkuki, achechemea. Nikauliza kwa Kiingereza cha kitabuni, nani huyo? Kijana akavuta pumzi, akagongagonga meza kwa kidole, neno la kwanza likakwama. Kabla halijatoka, dalali kashadakia, tena kwa Kiswahili: "Mzee, shikamoo. Huo mguu naona waukanyagia upande. Ni baridi ya hayo mawe. Mimi hapa nina mafuta ya nyumbani, ukijipaka leo kesho wapanda ngazi mbio. Lakini nitayatafutaje mkobani na giza lote hili, na taa iko huko kwako?"

Wallahi nikafungua lango. Sikuitisha dadu hata moja. Nilikuwa nacheka.

Watu wameondoka, naokota vikombe, nikaona karatasi ya yule kijana imesahauliwa. Pembeni kaandika kwa penseli, kwa hati ndogo, sentensi tatu za Kiingereza za kumwambia mlinzi. Ya pili kaifuta na kuiandika upya, karatasi ikakaribia kutoboka.

Sasa niambieni. Nilifungua lango kwa haki ama sivyo? Anayeongea ni mchezaji au ni mhusika?

#2 Mahamri2
Nusu-elfu si ni mia tano?

#3 Fundi_Namba
Hii kesi haina hata uzito. Karatasi ndiyo sheria. Huyo dalali akitaka kuvunja mlango, wamwambia kwanza anyanyue friji yako? Humwambii. Anarusha dadu, Nguvu inaongezwa, mlango umevunjika. Mbona kwa maneno wataka kuona mali yenyewe? Haiba 18 ni +8, Haiba 8 ni -2, wape dadu warushe, basi.

Halafu 18 kaipata wapi? Nanusa kitu.

#4 BintiLikoni
Fundi, kwa jina hilo ulilojipa usituaibishe. Unatoa 10, kilichobaki wagawa kwa 2. 18 ni +4. 8 ni -1. Kama kijana ana ujuzi wa Ushawishi na ndio mwanzo wa mchezo, anaongezewa 2, jumla +6.

Mlinzi wa kawaida mpe ugumu wa 15, yaani dadu na nyongeza zifike 15. Dalali anahitaji 16 kwenda juu kwenye dadu ya pande ishirini: nafasi 25 kwa 100. Kijana anahitaji 9 kwenda juu: 60 kwa 100. Hiyo 60 kailipia, kwa sababu kama angetaka Nguvu angeitia 18 huko. Amelipa, na dukani kakuta bidhaa yake inagawiwa bure kwa mwengine.

#5 Fundi_Namba
Nimekubali, nilitoka shifti ya usiku. Hoja yangu iko palepale lakini, na hesabu yako imeitilia nguvu.

#6 KopoLaKahawa
Ile 18 ni halali. Alirusha dadu nne akatoa iliyo ndogo, akapata 16. Kwa kitabu cha 2014, nusu-elfu huongezewa 2 za Haiba. Nilikuwepo, na dadu moja ilikwenda chini ya friji tukaifuata na tochi.

#7 AmiWaBaraza
Wanangu, mie ni mtu mzima kidogo hapa kwa hivyo mtanivumilia. Zama zetu hizo nne hazikuwepo. Dadu tatu, zilivyoanguka ndivyo zilivyo, na 18 ni mara moja kati ya 216. Binamu yangu ndiye aliyetuletea mchezo kutoka Uingereza, nasi tukicheza juu ya dari Kibokoni, usiku, kwa taa ya chemni. Dadu ya pande ishirini ilikuwa moja tu na ikaangukia mtaroni mwezi wa kwanza. Tukakata vikaratasi ishirini tukavitia kwenye kopo la Kimbo. Kila mara lazima ukirudishe ulichokitoa, na kuna mtu, simtaji, vikaratasi vya chini vikimpotelea mkononi.

Sasa nisikizeni. Mchezo huu ulipotoka 1974, wa Gary Gygax na Dave Arneson, hapakuwa na ujuzi wa ushawishi wala dadu ya kuongea. Ukisema, umesema. Haiba ilikuwa ya kuhesabia watu wangapi waweza kuwaajiri na watakutii kiasi gani. Mambo yaliharibika 1975 alipoletwa mwizi, na asilimia zake za kutegua mitego na kupanda kuta. Kabla yake, kila mtu akitafuta mtego kwa kuuliza: sakafu ni ya nini, kuna vumbi, nikiisukuma kwa fimbo je? Alipokuja mwizi wote wakakaa. "Mwizi, kazi yako hiyo." Na mwizi naye haulizi kitu, arusha tu.

Ndipo mlipofika na maneno.

#8 Mpwa_wa_Unguja
Ami shikamoo. Sahihisho moja kwa heshima: dadu ya kuongea ilikuwapo tangu 1974. Ukikutana na kiumbe usichokijua, zikirushwa dadu mbili za pande sita kuona kakupokea vipi. Chini kabisa uhasama, katikati hajaamua, juu kabisa kafurahi. Na Haiba ikiweza kuisogeza. Kilichokosekana ni ujuzi wenye jina lake kwenye karatasi.

Huo ulikuja kushamiri toleo la tatu, 2000. Wakaandika na jedwali: adui mwenye uhasama kumfanya rafiki, fikisha 35. Watu wakaanza kujenga wahusika wa kufikia 35, na majitu yakawa yanageuzwa marafiki kwa salamu. Kwa hiyo Fundi, karatasi peke yake nayo tumeshaiona ilikotufikisha.

#9 AmiWaBaraza
Marahaba mwanangu. Swadakta, nakumbuka. Lakini dadu hizo zikirushwa mwanzo, hujafungua hata mdomo. Zile zilikuwa uso wa mlinzi, kaamka vipi siku hiyo. Ulimi ulikuwa wako bado.

#10 Msee_wa_Bara
Wasee niaje. Mimi ni wa Nairobi, niko Bamburi mwaka wa tatu sasa, na nina kidonda kinachofanana na hiki.

Mhusika wangu ni mchawi, Akili 17. Amesoma vitabu vyote vya ufalme. Tumefika mlango wa pango, sauti inasema "Kitendawili!" Meza yote: "Tega!" Mwendeshaji: "Kuku wangu katagia mibani." Mimi nikaanza kufikiria miba, kuku, labda ni nyoka, labda ni mtego. Jamaa mwenye nusu-oki, yaani nusu mtu nusu jitu, Akili 6, mhusika ambaye wiki iliyopita alijaribu kula mshumaa, akapiga kelele "Nanasi!" hata sentensi haijakauka. Mlango ukafunguka. Mimi, msomi, nikabaki nikiulizwa natoa mji gani. Nikatoa Nakuru.

Sikulilia dadu. Nililia tu kwamba mchawi wangu alikuwa anajua nanasi. Mimi ndio sikujua.

#11 Mahamri2
Nakuru 😂 Ungetoa hata Kisumu tukala samaki.

#12 Mwalimu_Kisauni
Msee, hapo umegusa kitu ambacho nakifanya darasani na mezani pia. Kitendawili hakimpimi mhusika hata kidogo, kinampima mtegewa: kalelewa wapi, bibi yake akimtegea vipi jioni. Lakini chenyewe kina sheria ya anayeshindwa: anatoa mji, mtegaji anakwenda akila na kunywa huko, kisha anatoa jibu. Yaani kushindwa kuna bei, na ukilipa unapata.

Mimi nimeiingiza hiyo mezani kwangu. Nyongeza ya Akili ndiyo idadi ya miji uliyo nayo. Akili 17 ni +3, una miji mitatu: kila ukitoa mmoja nakupa dokezo. "Ni tunda." "Lina taji." Ukimaliza ya tatu nakupa jibu lenyewe. Akili 6 ni -2, huna mji. Ukilijua jibu kwa kichwa chako, huruhusiwi kulisema wewe. Lazima ulifikishe kwa mwengine bila maneno, kwa vitendo.

Mwaka jana mtu aliigiza "kivuli" dakika nne nzima, tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

#13 BintiLikoni
Mwalimu, umwambie mtu anyamaze na jibu analo kinywani? Mombasa hii?

#14 Fundi_Namba
Hiyo ya miji nimeipenda, ni namba. Tuirudishe kwa mlinzi. Kila mmoja arushe. Dalali akipata 20 yenyewe, mlinzi hana budi afungue. Akikosa, akae.

#15 Mpwa_wa_Unguja
Hapana. 20 yenyewe inakata shauri kwenye shambulio. Kwenye jaribio la ujuzi, kwa kitabu cha 2014, ni 20 tu, unajumlisha kama namba nyengine. Meza nyingi zinaifanya ushindi wa moja kwa moja lakini ni mazoea, si sheria. Mfalme hakupi kiti chake kwa sababu umerusha 20.

#16 Fundi_Namba
Leo nimeamka upande gani jamani.

#17 Shoka_na_Mkoba
Naona nasimangwa tangu asubuhi na mwenyewe sikuitwa. Mimi ndiye huyo "dalali". Kopo, saa yako nikuibie ya nini, ile ya kamba ya mpira?

Sikizeni. Mimi kutwa naongea. Naongea na mwenye gari, naongea na mteja, naongea na fundi amwambie mteja injini haijaguswa. Nilipoambiwa kuna mchezo wa kupiga vitu kwa shoka, nikauliza, kuna kuongea? Nikaambiwa si lazima. Nikaitupa Haiba makusudi. Nilitaka kupumzika!

Sasa pale langoni pakawa kimya. Kimya kwa mtu wa kazi yangu ni hatari, mteja akinyamaza sekunde tano keshaanza kukumbuka karo. Mdomo ulifunguka wenyewe. Sikumdakia kijana kwa dharau, nilidhani kaniachia.

Na jengine. Mnasema nilitumia Haiba. Nilitumia nini? Kopo alisema mwenyewe mlinzi achechemea, na meza nzima hakuna aliyelishika hilo neno. Kumwangalia mtu mguu ndio kazi. Gari haliuzwi na ulimi, lauzwa na kuona mteja kaja na mtoto mdogo, wamfungulia mlango wa nyuma kwanza. Hiyo kwenye karatasi ni Busara, na Busara yangu ni 14. Angalia.

#18 KopoLaKahawa
Nimeangalia. Kweli ni 14.

#19 BintiLikoni
Shoka, karibu, na hapa umenena. Tunachanganya vitu viwili kwa kuviita "kuongea". Kuna hoja na kuna ulimi. Hoja: mguu wauma, mafuta ninayo, giza lazuia. Hiyo ni ya mchezaji, kaiokota kwenye maelezo, haki yake. Ulimi: imetoka vipi, kwa uso gani, mlinzi kamwamini? Hiyo ni ya mhusika, na mhusika ni jibaba la shoka lenye Haiba 8, linanuka damu, limesimama gizani linasema "nina mafuta ya kukupaka mguu."

Mngelifungulia?

Kwetu Likoni tunafanya hivi. Hoja nzuri inashusha ugumu, dadu inaamua ulimi. Ile ya mguu ningeishusha kutoka 15 mpaka 10. Kwa mwenye -1 bado ni 50 kwa 100. Lakini angemnong'oneza mwimbaji, "mwambie habari ya mguu", mwenye +6 ingekuwa 85. Watu hujifunza kunong'onezana haraka sana wakishaona hesabu hiyo.

#20 Fundi_Namba
Lakini hapo dalali bado anacheza na kichwa chake mwenyewe. Mhusika wake aliwahi kuuza nini?

#21 AmiWaBaraza
Na wataka acheze na kichwa cha nani?

#22 Msee_wa_Bara
Meza yetu mwendeshaji alijaribu hiyo ya hoja. Shida: nani anapima hoja ni nzuri? Ni yeye. Na yeye anapenda vichekesho, kwa hivyo hoja nzuri ni ile iliyomchekesha. Tumerudi kwa ulimi kwa mlango wa nyuma. Kopo mwenyewe post ya kwanza kasema, "nilikuwa nacheka."

#23 Mwalimu_Kisauni
Msee kasema kweli. Kuna mchezo mmoja, Burning Wheel, uliona shida hiyo ukatengeneza mabishano kama upigane vita: kila upande unaandika kwa siri hatua tatu, kushambulia hoja, kuikinga, kuikwepa, mnafunua pamoja, mnarusha. Kila upande una pointi zake za hoja zinazopungua. Na mshindi aliyepunguziwa sana hapati yote, analazimika kumpa mwenzake kitu.

Niliposoma nikasema, haya ni malumbano! Muyaka wa Mvita na Zahidi Mngumi wa Lamu, beti inajibiwa kwa beti, na hakuna aliyetoka bila jeraha.

#24 AmiWaBaraza
Muyaka hakurusha dadu, mwalimu. Ungemwambia Muyaka beti lako ni zuri ila umepata 7, angekutungia kitu ambacho wajukuu zako wangekisikia Mwembe Tayari.

#25 Mpwa_wa_Unguja
Ulimi wote ule wa Mvita, na vita vya Shela na watu wa Lamu mlikwenda je?

#26 Mahamri2
Shela tulirusha 1.

#27 AmiWaBaraza
Wewe Mahamri nitakutafuta.

#28 Mahamri2
Ami nisamehe. Swali la kweli sasa: dadu hizi mwazipata wapi? Nimezunguka Marikiti na Biashara Street, naulizwa kama ni za ludo. Na shemeji yangu aliniuliza kama "DM", yaani mwendeshaji wa mchezo, ni cheo cha bandarini.

#29 Msee_wa_Bara
Agiza na mtu anayesafiri. Ama programu ya simu, lakini simu haina ile kelele ya kuanguka.

#30 BintiLikoni
Tuache dadu kidogo. Kopo, nimeisoma tena post yako ya kwanza. Uliuliza kwa Kiingereza. Kijana kaandika sentensi zake kwa Kiingereza. Shoka kajibu kwa Kiswahili na wewe ukamwitikia kwa Kiswahili. Mezani kwenu lugha ni gani?

#31 KopoLaKahawa
Kitabu ni cha Kiingereza, kwa hivyo maelezo na wahusika wangu nawasema kwa Kiingereza. Mengine yanakuja yanavyokuja. Sijawahi kukaa nikaamua.

#32 BintiLikoni
Basi mie naona kesi iko hapo, si kwenye Haiba. Kijana kafuata sheria uliyoiweka wewe, lugha ya kitabu, akajitayarisha kwa lugha hiyo kama wa mtihani. Shoka kaivunja, na wewe ukamlipa. Mlinzi wako anaposalimiwa shikamoo huyeyuka. Ukiambiwa "good evening" huyeyuki. Nimeliona hili mara nyingi, mtu mpole mezani, ukimkuta kivukoni na wenzake anaongea Kidigo wamtafutia swichi ya kumzima.

#33 Fundi_Namba
Hilo sikulifikiria kabisa.

#34 Penseli_HB
Habari zenu. Nimejiunga leo. Dada BintiLikoni, asante, ila si lugha. Kigugumizi changu hakichagui lugha, hata Kigiriama kinakwama, na mama ndiye aliyenifunza.

Mimi ndiye wa penseli.

Kuimba hakukwami. Tangu mdogo, nikiimba maneno yanatoka yote, na nikisoma kwa mdundo pia. Ndiyo sababu nikachagua mwimbaji. Zile sentensi tatu nilizipima, kila moja mapigo manane. Ya pili ilikuwa na tisa ndiyo nikaifuta. Kugonga meza nilikuwa nashika mdundo. Nilihitaji kama sekunde nne hivi. Kaka Shoka kasema mteja akinyamaza sekunde tano anakumbuka karo.

Sikukasirika sana. Ile ya mguu ilikuwa tamu, hata mimi nilicheka.

#35 Shoka_na_Mkoba
Ndugu yangu. Mimi nilidhani wagonga meza kwa wasiwasi. Niwie radhi, kweli.

#36 Fundi_Namba
Pole kijana. Lakini waona sasa? Mngerusha dadu, +6 yako ingekusemea, hata hayo mapigo manane hungehangaika nayo.

#37 Penseli_HB
Fundi, hapo hujanielewa. Sitaki dadu inisemee. Kama nilitaka kunyamaza ningechukua shoka mimi.

Nikiruhusiwa kuchagua, irushwe kwanza. Kabla sijasema. Ikitoka nzuri, meza yote inajua mlinzi ameshanielewa, basi mimi naongea ninavyoweza, nikikwama nimekwama, lango litafunguka tu. Ikitoka mbaya, nakwama makusudi na inakuwa kichekesho changu mimi, si cha watu. Tatizo langu ni ile ya kuongea kwanza halafu mtu aangalie dari aamue kama nimestahili dadu.

#38 AmiWaBaraza
Mwanangu, nakuheshimu, na kukwama wakujua wewe, si mimi. Lakini ukishajua mwisho, kusema kwenyewe kuna utamu gani? Ni kama kutega kitendawili na jibu limeandikwa mlangoni. Mimi ningekupa muda, si dadu. Kopo angetia mkono juu, kila mtu kimya, mpaka umalize.

#39 Penseli_HB
Ami shikamoo. Huo mkono juu ndio unaonitisha zaidi. Watu wanne wakikutazama kwa heshima, neno halitoki hata kwa mdundo.

#40 AmiWaBaraza
Marahaba. Hilo sikulijua.

#41 Msee_wa_Bara
Mimi dadu kwanza nimejaribu, na kuna kitu inaharibu: ukitoa 3 hakuna anayejaribu kutafuta hoja tena. Mguu wa mlinzi usingeonekana. Penseli ni kesi yake, sawa, lakini kuifanya sheria ya meza nzima, sijui.

#42 BintiLikoni
Kwani lazima iwe ya meza nzima? Penseli arushe kwanza, Shoka arushe mwisho. Mbona mchawi na mtu wa shoka hawapigani kwa sheria moja?

#43 Fundi_Namba
Sheria mbili kwa kitu kimoja. Hii nakataa. Leo kigugumizi, kesho mtu atasema ana mafua.

#44 Mwalimu_Kisauni
Fundi, mafua tutayajua.

Nina swali dogo ambalo nimesubiri mtu aliulize. Shoka, hayo mafuta ya mguu unayo? Kwa sababu kama unayo ni Ushawishi. Kama huna ni Ulaghai, jaribio jengine kabisa, na mlinzi alikuwa na haki ya kurusha Busara yake akushtukie.

#45 KopoLaKahawa
Subirini nitoe karatasi yake.

#46 KopoLaKahawa
Mkoba wa Shoka: kamba, mienge 10, chakula cha siku 10, kiriba cha maji, godoro la kukunja, vyombo vya kulia, kibiriti. Hakuna mafuta.

#47 Shoka_na_Mkoba
Kiriba kinaweza kuwa na chochote.

#48 KopoLaKahawa
Imeandikwa maji.

Haya. Lango nilishalifungua, silifungi tena. Lakini Jumamosi mnaamkia ndani ya mji, na asubuhi kuna mzee na mkuki na mguu wake, kasimama mlangoni mwa nyumba ya wageni, akiulizia mafuta yake. Kaja na wenzake wawili nao wanaumwa magoti. Anamtaka "yule mrefu wa shoka". Penseli, nitairusha dadu mimi mwenyewe kabla ya mtu kufungua mdomo, kisha tuone. Kama mtu ana wimbo wa mapigo manane, aje nao.

#49 Penseli_HB
Ninao wa mwanzo tayari. Kaka Shoka, kwenye ubeti wa pili umekufa.

#50 Shoka_na_Mkoba
Nimekufa kwa nini?

#51 Mahamri2
Mafuta. Saa ngapi Jumamosi, na mbaazi nani anapika?